4,294,967,295 na vigawo vyake vitano

Swali: Programu yangu ilipaswa kunipa −1, badala yake ikachapa 4294967295. Kwa udadisi nikaitafutia vigawo, nikapata 3, 5, 17, 257 na 65537, vyote tasa na kila kimoja mara moja tu. Mwenzangu akaniambia kuwa namba hiyohiyo ni idadi kubwa kuliko zote zinazojulikana, kwa namba witiri, ya pande za poligoni yenye pande na pembe zilizo sawa inayochorwa kwa rula na bikari. Ni sadfa, au haya mambo yana chanzo kimoja?

Jibu: Chanzo ni kimoja. Namba yako ni 2³² − 1, na hiyo 32 yenyewe ni kipeo cha 2. Vigawo ulivyopata, tabia yake ndani ya kompyuta na habari ya poligoni vyote vinatoka hapo. Bahati imeingia mahali pamoja tu: vigawo vyote vitano vimekuwa tasa. Cha sita kingekuwa 4,294,967,297, na hicho si tasa. Ndiyo maana msururu unakatika kwenye namba yako na si kwingine.

Vigawo vinapatikana kwa kanuni ya sekondari, a² − b² = (a − b)(a + b). Kwa kuwa 2³² ni 2¹⁶ kwa kipeo cha pili,

2³² − 1 = (2¹⁶ − 1)(2¹⁶ + 1) = 65,535 × 65,537.

Kigawo cha kulia kiweke kando. Cha kushoto kina umbo lilelile tulilolianza, basi kinavunjika kwa kanuni ileile: 65,535 = 255 × 257. Halafu 255 = 15 × 17, kisha 15 = 3 × 5, na mwisho 3 = 1 × 3. Kila ukivunja, upande wa kulia unakuachia kigawo kimoja: 65,537, 257, 17, 5, 3. Anayesoma heksadesimali, yaani namba kwa msingi wa 16, anaviona bila hesabu yoyote, maana FFFFFFFF = FFFF × 10001, FFFF = FF × 101, na FF = F × 11. Hiyo 11 ya heksadesimali ndiyo 17 yetu, 101 ni 257, na 10001 ni 65,537.

Tumalize kwanza la programu yako. Ndani ya biti 32, kompyuta inahesabu kuanzia 0 hadi 2³² − 1, na ukiongeza 1 hapo inarudi 0. Sasa −1 ni namba ambayo ukiijumlishia 1 unapata 0, kwa hiyo inahifadhiwa kama biti 32 zote zikiwa 1. Biti zako ni sahihi. Kilichokosewa ni namna ya kuzisoma. Kwa kawaida kuna fanksheni iliyorudisha −1 kama ishara ya hitilafu, jibu likatiwa kwenye kigeu cha aina isiyo na alama ya hasi, au likachapwa kwa %u badala ya %d. Kubadilisha namna ya kuchapa peke yake ni kuficha ugonjwa. Kagua jibu la fanksheni kabla ya kulihamishia kwenye aina nyingine, kwa sababu sharti kama "ikiwa x < 0" halitatimia kamwe baada ya hapo.

Namba hiyohiyo utaikuta kwenye anwani ya IPv4 255.255.255.255, na ndiyo ukubwa wa mwisho wa faili moja, kwa baiti, kwenye diski ya FAT32. Saa inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32 zisizo na hasi itafika kwenye namba hii tarehe 7 Februari 2106, saa 06:28:15 UTC. Ile yenye hasi itajaa mapema, 19 Januari 2038.

Mitego miwili kabla hujaendelea kuichezea kwenye kompyuta. Wa kwanza: usiihifadhi kama namba ya desimali ya biti 32 (float). Aina hiyo ina nafasi ya tarakimu 24 tu za binari, na namba yako inahitaji 32, basi itakurudishia 4,294,967,296 bila onyo. Aina ya biti 64 haina shida hiyo. Wa pili ni mbaya zaidi. Ukiandika programu ya kutafuta vigawo kwa biti 32 na kuweka sharti la kusimama p × p ≤ n, p ikifika 65,536 zao lake linakuwa 2³², ambalo kwa biti 32 ni 0. Sharti halikomi tena. Ukiijaribu kwa 4,294,967,291, ambayo ni namba tasa kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye biti 32, itazunguka mara mabilioni pale ambapo ilipaswa kusimama kabla ya 65,536. Andika p ≤ n ÷ p, tatizo linaisha. Namba yako haitakuonyesha kosa hili ikiwa programu inagawanya kila kigawo inachokipata: ikishatoa 3, 5, 17 na 257 inabaki 65,537, na p ikifika 257 kazi imekwisha.

Turudi kwenye vigawo. Hivyo vitano ni namba za Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, zenye umbo 2 kwa kipeo cha 2ⁿ, jumlisha 1. Tuziite F₀ = 3, F₁ = 5, F₂ = 17, F₃ = 257, F₄ = 65,537. Tatu za kwanza ni tasa kwa kuangalia tu. Kwa 257 inatosha kujaribu namba tasa zisizozidi 16, yaani 2, 3, 5, 7, 11 na 13, na zote zinaacha baki. Kwa 65,537 mtu angedhani anahitaji kujaribu namba tasa zote mpaka 256, ambazo ni 54. Kwa kweli inatosha kugawanya mara moja.

Chukua namba tasa p inayogawanya 2¹⁶ + 1 bila baki. Hapo 2¹⁶ ina baki sawa na −1 na 2³² ina baki 1, kwa hiyo vipeo vya 2 vinarudi kwenye baki 1 kila baada ya hatua 32, si kabla. Fermat alishaeleza kwamba 2 kwa kipeo cha p − 1 huacha baki 1, basi 32 lazima igawanye p − 1. Kwa namba tasa ya aina hii 2 ina kipeuo cha pili miongoni mwa mabaki, na kipeuo hicho kinarudi baada ya hatua 64. Kwa hiyo p ni lazima iwe 64k + 1, jambo ambalo Lucas alilithibitisha mwaka 1878. Chini ya 256 kuna namba tatu tu za umbo hilo: 65, ambayo ni 5 × 13, 129, ambayo ni 3 × 43, na 193, ambayo ni tasa. Gawanya 65,537 kwa 193: 193 × 339 = 65,427, baki 110. Basi 65,537 ni tasa, na hukuhitaji hata kikokotoo.

Fermat aliamini, na kuandika katika barua kuanzia mwaka 1640, kwamba namba zote za umbo hili ni tasa. Euler alimbomolea dai hilo mwaka 1732 kwa namba iliyo jirani kabisa na yako, F₅ = 2³² + 1 = 4,294,967,297. Kwa hoja ileile ya juu, kigawo chake tasa lazima kiwe 128k + 1. Fuata mstari: 129 si tasa, 257 ni tasa, 385 si tasa, 513 si tasa, 641 ni tasa. Hiyo 257 inaondoka mara moja, kwa sababu tayari inagawanya namba yako 4,294,967,295, na kama ingegawanya F₅ pia ingegawanya tofauti yao, ambayo ni 2. Inabaki 641, na hiyo inagawanya: 641 × 6,700,417 = 4,294,967,297. Euler alijua sharti la 64k + 1 tu, na hata hivyo namba tasa alizohitaji kupitia ni 193, 257, 449, 577 na 641. Hesabu ya jioni moja.

Kuna uthibitisho mfupi zaidi usiohitaji kugawanya chochote. 641 ni 640 + 1, yaani 5 × 2⁷ + 1, kwa hiyo ukigawanya kwa 641, baki la 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Pandisha kwa kipeo cha 4: baki la 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Lakini 641 pia ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴, kwa hiyo 5⁴ ina baki sawa na −2⁴. Badilisha, utapata kwamba −2³² ina baki 1, yaani 2³² + 1 haiachi baki. Hapa ndipo naona bahati mbaya ya Fermat: 641 kuandikika kwa njia zote mbili hizo ni ajali ya tarakimu, haina sababu ya ndani zaidi.

Sasa poligoni. Tarehe 30 Machi 1796 Gauss, akiwa bado na miaka 18, aligundua kwamba poligoni ya pande 17 zilizo sawa inachorwa kwa rula isiyo na vipimo na bikari. Mwaka 1801 alichapisha sharti la jumla: idadi ya pande iwe kipeo cha 2 kilichozidishwa kwa namba tasa za Fermat, kila moja isitumike zaidi ya mara moja. Wantzel alithibitisha mwaka 1837 kwamba nje ya sharti hilo haiwezekani. Ndiyo maana pande 15 zinachorwa na pande 9 hazichorwi. 9 inarudia 3 mara mbili.

Namba tasa za Fermat zinazojulikana ni hizo tano tu. Ukichagua baadhi yake au zote na kuzizidisha unapata namba witiri 31: 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255, 257 na kuendelea. Ukizichukua zote unapata 4,294,967,295. Mwenzako alisema kweli, mradi neno "witiri" libaki, kwa kuwa ukiruhusu shufwa unaweza kuzidisha kwa 2 bila kikomo.

Kuunganisha poligoni mbili kuwa moja kubwa ni kazi ya kutoa matao. Euclid alipata pande 15 kutoka kwenye pembetatu na pembetano zilizo ndani ya duara moja. Chukua 2/3 ya duara, toa 3/5, kinachobaki ni 1/15. Mpangilio huohuo unakwenda mpaka mwisho:

8/15 − 9/17 = 1/255
128/255 − 129/257 = 1/65,535
32,768/65,535 − 32,769/65,537 = 1/4,294,967,295

Mstari wa mwisho ni rahisi kuukagua: 32,768 × 65,537 inazidi 32,769 × 65,535 kwa 1 kamili. Kwa hiyo mwenye poligoni ya 65,537 mkononi ameshamaliza kazi. Kilichobaki ni kufungua bikari. Kuipata hiyo ndiyo kibarua. Hermes alitangaza njia ya kuichora mwaka 1894, baada ya kuishughulikia kwa miaka kumi.

Kuichora ni neno tu, kwa kweli. Weka poligoni yako kwenye duara la ukubwa wa ikweta ya Dunia, yenye mzingo wa kilomita 40,075 hivi. Kila upande utakuwa na urefu wa milimita 9.3. Katikati ya upande, pengo kati ya mstari ulionyooka na tao la duara litakuwa kama mita 1.7 × 10⁻¹², dogo makumi ya mara kuliko atomu moja. Hakuna kalamu ya kazi hiyo.

Sharti la Gauss lina sura nyingine inayokurudisha kwenye vipeo vya 2. Hesabu namba kuanzia 1 hadi n ambazo hazina kigawo cha pamoja na n zaidi ya 1; idadi hiyo huandikwa φ(n). Kwa namba yako unaondoa 1 kwenye kila kigawo tasa na kuzidisha: 2 × 4 × 16 × 256 × 65,536 = 2³¹. Poligoni ya pande n inachorwa pale tu φ(n) ikiwa kipeo cha 2. Nusu yake hapa ni 2³⁰, maana yake kosaini ya pembe ya poligoni yako inapatikana kwa milinganyo 30 ya kipeo cha pili, mmoja juu ya mwingine. Kwa pande 17 inatosha mitatu. Tazama pia jirani wa juu: φ(4,294,967,296) nayo ni 2³¹. Jozi za namba zinazofuatana zenye φ sawa si nyingi, na namba yako imo. Ukijaribu hilo kwa 2⁶⁴ − 1 halifanyi kazi, kwa sababu 641 imeshaingia kati.

Kuna mahali pengine vigawo hivi vinajitokeza, na kwangu hapa ndipo panapopendeza kuliko pote. Andika Pembetatu ya Pascal, kisha badilisha kila namba witiri kuwa 1 na kila shufwa kuwa 0. Soma kila mstari kama namba ya binari. Mstari wa 0 ni 1, halafu 11 ambayo ni 3, 101 ambayo ni 5, 1111 ambayo ni 15, 10001 ambayo ni 17, 110011 ambayo ni 51, 1010101 ambayo ni 85. Ni orodha ileile ya poligoni! Namba yako ina vigawo 32 ukihesabu 1 na yenyewe, na mistari 32 ya kwanza ya pembetatu, kuanzia 0 hadi 31, inavitaja vyote kwa mpangilio wa ukubwa bila kuruka. Mstari wa 31 ni moja tupu 32, yaani 4,294,967,295.

Sababu ni kwamba ukihesabu kwa witiri na shufwa tu, (1 + x)² ni sawa na 1 + x², maana 2x ni shufwa na inafutika. Rudia, na (1 + x)⁴ inakuwa 1 + x⁴, na kadhalika kwa kila kipeo cha 2. Ukiweka x = 2 unapata namba za Fermat. Kwa hiyo mstari wowote unausoma kutoka kwenye namba yake. Mstari wa 11, kwa mfano: 11 = 8 + 2 + 1, ambazo ni vipeo vya 2 vya tatu, cha kwanza na cha sifuri, basi jibu ni F₃ × F₁ × F₀ = 257 × 5 × 3 = 3,855. Mstari wenyewe ni 1, 11, 55, 165, 330, 462, 462, 330, 165, 55, 11, 1, unaogeuka 111100001111, ambayo kweli ni 3,855. Mstari wa 32 unakupa 4,294,967,297, na hapo orodha ya poligoni na mistari ya Pascal vinaachana.

Desimali zake tuzipitie haraka. 1/17 inajirudia kila baada ya tarakimu 16 (0588235294117647), 1/257 baada ya 256, na 1/65,537 baada ya 65,536, urefu mkubwa kabisa unaowezekana kwa kila moja. Kwa hiyo 1/4,294,967,295 ina tarakimu moja isiyojirudia, inayoletwa na kigawo 5, kisha mzunguko wa tarakimu 65,536. Kwa binari ni fupi mno: sufuri 31 na moja, tena na tena.

Je, poligoni witiri kubwa zaidi inaweza kupatikana? Inahitaji namba tasa ya sita ya Fermat. Kuanzia F₅ hadi F₃₂ zote zimethibitishwa kuwa si tasa, mbili kati yake, F₂₀ na F₂₄, bila hata kigawo kimoja kujulikana. Hilo linawezekana kwa kipimo cha Pépin cha mwaka 1877: Fₙ, kuanzia F₁, ni tasa pale tu 3 kwa kipeo cha (Fₙ − 1) ÷ 2 ikiacha baki sawa na −1. Kijaribu kwa 17: 3⁸ = 6,561, na 17 × 386 = 6,562, basi baki ni −1 na 17 ni tasa. Kwa F₅ unapandisha kwenye kipeo cha pili mara 31 tu. Kwa F₃₃, ya kwanza ambayo hali yake haijajulikana, unapandisha mara 8,589,934,591, na kila mara unashughulika na namba yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.5 za kawaida. Ikitokea kuwa tasa, rekodi mpya ya pande itakuwa 4,294,967,295 × F₃₃.